Joto la Mtu Mmoja

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Ndiyo sababu walipohitaji mkaguzi wa Mizani katika mtaa wetu hapa Mirihi, hawakuhangaika kutafuta. Ukinisalimia vizuri sana nitajiuliza unataka nini.

Siku hiyo Mkuu wetu, Bwana Makame, aliniita ofisini asubuhi, akafunga mlango. Makame hafungi mlango. Ni mtu anayesema mambo yake mbele ya kila mtu, hata yale ambayo angefaa kunong'ona.

"Bi Mwatime," akasema, "akiba ya mtaa wenu imeganda."

"Imeganda vipi, Mkuu?"

"Ilikuwa inapanda. Sasa haipandi. Zamani kila nyumba ilikuwa inarudisha kidogo ghalani. Sasa nyumba zote zinachukua mgao wao mzima, na hakuna kinachorudi. Ama mna tundu, ama mna mtu."

Watu wa juu ya ardhi, kule Duniani, hawawezi kuelewa neno "akiba" linavyotuuma sisi. Vumbi lilipofunika jua na mabamba ya umeme yakabaki yanalamba giza, Baraza lilipiga kura nani alale. Waliolala wamo katika Bwalo la Usingizi, kila mmoja kwenye sanduku lake, baridi, hawali, hawatoi joto. Mtaa ukiweka akiba ya kutosha kumlisha na kumpasha mtu mmoja, anaamshwa mmoja. Wa kwanza kwenye foleni ya mtaa wetu alikuwa mume wangu, Salehe.

Na Salehe hakuwa na muda wa kusubiri. Alilala katika kundi la mwanzo kabisa. Wale waliokaa sana huzinduka vibaya. Nimemwona mmoja akimkodolea macho mkewe kama anayetazama abiria asiyemjua. Daktari aliniambia waziwazi: akiamshwa karibuni atakuwa Salehe, akicheleweshwa hatujui atakuwa nani.

"Niachie mimi nimtafute," nikamwambia Makame.

"Mwizi?"

"Tundu, mtu, mwizi, vyovyote. Nitamleta."

"Una muda mpaka chakula cha jioni. Baada ya hapo natuma walinzi, na wao hawabishi hodi."

Nilitoka pale nimekasirika hata kipimo changu cha mkononi, ambacho ndiyo simu yangu pia, nilikibeba kama nabeba mchi. Mtu anakula usingizi wa mume wangu! Mtu ninayemjua, ninayemwamkia kila asubuhi.

Mtaa wetu una nyumba kumi na mbili zinazotazamana kwenye ujia mmoja chini ya mwamba. Hapa hakuna kitu kinachopotea. Chochote kinachoingia nyumbani kwa mtu, mwishowe hutoka kwenye kuta kama joto. Chakula ukila, unakuwa joto. Taa ukiwasha, inakuwa joto. Hata ugomvi wa mke na mume ni joto, ingawa huo Baraza halijaupangia mgao. Kazi yangu ni kuhesabu kilichoingia, kupima kilichotoka, na kuona kama vinalingana.

Taabu ni kwamba kila idara ina lugha yake. Ghala linahesabu chakula kwa kilokalori. Watu wa umeme wanahesabu kwa kilowati-saa. Mafundi wa kuta wanapima joto kwa kilojouli. Mimi ndiye mkalimani wao. Kilowati-saa moja ni kilojouli elfu tatu na mia sita, na ni kilokalori mia nane na sitini, na ukiniamsha usingizini nitakutajia bila kufungua macho. Mtu mzima mmoja hula kama kilokalori elfu mbili kwa siku. Hizo ni kilowati-saa mbili na kidogo. Yaani kila mmoja wetu anawaka mchana kutwa na usiku kucha sawa na balbu ya zamani ya wati mia. Ndivyo tulivyo, balbu zenye majina.

Nilianzia nyumba ya mwanzo. Bi Saumu alifungua mlango akanikumbatia kabla sijasema neno.

"Mwatime, dada yangu! Karibu, karibu. Habari za Salehe? Mungu atajalia, atazinduka karibuni."

"Nimekuja kupima ukuta."

"Pima, mama, pima. Unakonda jamani. Unakula kweli?"

Mh! Bi Saumu huyu huyu wiki iliyopita aligombana nami kwa sababu ya ndoo. Nilipima ukuta wake huku nikimtazama kwa jicho lile lile alilotazamwa nalo mkunga. Kipimo kikasoma sawa. Kulikuwa na upungufu wa kilowati-saa sifuri nukta mbili tatu, kitu cha kupuuzwa. Sheria inasema chini ya nusu usisumbue watu.

Nyumba ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Kila mlango napokewa kama bibi harusi. Pole na Salehe, Mungu yupo, kaa kidogo upumzike. Nilizidi kuingiwa na wasiwasi. Watu wa mtaa wetu si wabaya, lakini si wema kiasi hicho, na hawajawahi kuwa wema wote siku moja.

Zilipokwisha nyumba kumi, nikafika kwa Bi Mize.

Bi Mize ni mama wa makamo aliyebakia peke yake. Mwanawe, Faki, na mke wa Faki, Hidaya, wote waliangukiwa na kura wakalazwa. Nilikuwepo siku ile Bwaloni. Niliona masanduku mawili yakifungwa, na nilimshika Bi Mize mkono njia nzima ya kurudi.

Sikubisha hodi. Niliweka kipimo kwenye ukuta wa nje, kwenye ujia. Nikasoma. Nikafuta kioo kwa kanga, nikasoma tena.

Umeme ulioingia ulikuwa wa mtu mmoja. Chakula kilichotoka ghalani kilikuwa cha mtu mmoja. Joto lililokuwa likitoka ukutani lilikuwa na ziada ya kilojouli elfu nane na mia nne kwa siku. Nikaigeuza: kilokalori elfu mbili. Sikuhitaji kugeuza zaidi. Humo ndani kulikuwa na balbu ya pili.

"Ala!" nikasema peke yangu pale ujiani. "Bi Mize!"

Ningeweza kumpigia Makame pale pale. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Lakini shaka yangu haijui kushiba, ikaniuliza: huyo wa pili anakula nini? Chakula cha ghalani kimepimwa, ni cha mtu mmoja. Joto haliji bure. Kama linatoka hapa, kuna mahali limeingia, na halikupita kwenye dirisha la ghala.

Nikasimama nikarudia namba zote za asubuhi. Nyumba kumi, ukiacha ya Bi Mize na yangu. Kila moja ina ule upungufu wa kupuuzwa, sifuri nukta mbili tatu. Zote kumi, namba ile ile, kama walioshonewa sare. Chakula kimeingia kwenye nyumba zile, joto halijatoka.

Kwa kilowati-saa ile namba haikuniambia kitu. Sijui ni nini kilichonifanya niigeuze iwe kilokalori. Ikatoka mia mbili.

Kilokalori mia mbili ni bakuli la uji.

Kila nyumba ilikuwa inatoa bakuli la uji kila siku, linafichwa chini ya kanga, linapita kwenye ujia huu huu, mbele ya mlango wangu. Mabakuli kumi, mtu mmoja. Nyumba zote isipokuwa yangu. Zile pole zote, yale makumbatio, Mungu atajalia. Walikuwa wakinitazama usoni wakijua kwamba kile wanachobeba ndicho kingemwamsha Salehe.

Nikaegemea ukuta wa Bi Mize, na ukuta ulikuwa na joto zuri, na hilo ndilo lililonitia wazimu kabisa. Nikagonga mlango kwa ngumi.

"Bi Mize! Fungua!"

Nikasikia beseni likiburutwa sakafuni.

"Bi Mize, nasema fungua, ama nafungua kwa ufunguo wa Mizani."

Akafungua, lakini nusu. Alisimama katikati ya mlango amejifunga kanga kifuani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, mvuke unatoka nyuma yake.

"Shikamoo," nikasema. Adabu haikuniacha hata pale.

"Marahaba, mwanangu. Naoga."

"Unaoga na nguo kavu?"

"Nakanda magoti. Baridi yabisi, unajua."

Nikanusa. Ndani kulikuwa na harufu ya mchaichai na pilipili manga, na maji yaliyochemshwa na majani. Nilikuwa nimeinusa harufu ile mara moja tu maishani, Tanga, nilipojifungua mtoto ambaye hakukaa. Shangazi yangu alinikanda asubuhi na jioni, anachovya kitambaa kwenye maji ambayo mtu mwingine asingeweza kutia kidole, anakamua, anabandika tumboni, anakandamiza kwa uzito wake wote. Nilipiga kelele, naye akawa ananiambia piga tu, tumbo lazima lirudi. Baridi yabisi haikandwi vile, wala magoti hayanywi uji wa pilipili manga.

"Bi Mize," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo ghafla. "Nani kazaa humu?"

Akaondoka mlangoni.

Hidaya alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na beseni, kanga imeshuka kiunoni, tumbo jekundu kwa maji ya moto. Hidaya niliyeona sanduku lake likifungwa. Mikononi alikuwa na kitoto kichanga kinanyonya, hakina habari na mtu.

"Dada Mwatime," akasema.

"Sanduku lako," nikasema. "Mimi mwenyewe nililiona."

"Lilifungwa tupu," Bi Mize akajibu kwa niaba yake. "Asubuhi ile ile ya kulazwa ndiyo tulijua ana mimba. Mwenye mimba halazwi mpaka itolewe. Aliyefunga kifuniko ni mtu wa mtaa huu, na sitamtaja jina hata ukinikata ulimi."

"Na mabakuli?"

"Mzazi hapikiwi na nyumba moja, mwanangu. Wewe unalijua hilo. Kabla hajajifungua tuligawana mgao wangu; alipojifungua walikuja wenyewe. Sikumwomba mtu."

"Walikuja wote?"

"Wote."

"Kasoro mimi."

Bi Mize alichukua kitambaa, akakichovya majini, akakamua, akakishika tu.

"Mngeniambia!" Nilisikia sauti yangu inapasuka na sikujali. "Mnanisalimia, mnanikumbatia, mnanipa pole! Kumbe kila asubuhi mnakula miaka ya mume wangu! Mnajua daktari kasema nini kuhusu Salehe?"

"Tunajua."

"Basi mngeniambia."

"Tungekuambia, ungefanya nini?"

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema ningeleta bakuli langu kama wenzangu. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini nimezoea kushuku watu, na mimi ni mtu pia, na sikuweza kujipa imani ambayo simpi mwingine. Nikafumba kinywa.

"Wakituchukua," Hidaya akasema polepole, "mimi nitalala. Nitalala, dada, nitaamka. Lakini huyu hawamlazi. Wachanga hawazinduki. Na hakuna mtu mwenye maziwa mji mzima."

Hakulia. Laiti angelia ningeweza kumkasirikia. Alisema vile anavyosema mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka likaisha ncha.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na kipimo changu mapajani. Upande mmoja Salehe, anayeondoka kidogo kidogo ndani ya sanduku. Upande wa pili kitu hiki chenye kichwa kama embe dodo, ambacho hakijui hata kwamba kipo. Nilimchukia. Naomba Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilimchukia mtoto yule kwa moyo wangu wote, na nilijua kwamba nikinyamaza tu, walinzi wa Makame watakuja na sitakuwa nimefanya lolote.

Kipimo kikalia. Makame.

"Umefika wapi?"

Nikamtazama Bi Mize.

"Nimepata tundu, Mkuu."

"Wapi?"

"Kwa Bi Mize. Ana ziada ya kilojouli elfu nane na mia nne."

Hidaya akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Hiyo ni mtu!" Makame akasema.

"Ni mimi. Namlisha. Ni mgonjwa, hasimami, anahitaji chakula na kukandwa kwa maji ya moto. Nimekuwa nikimpa mgao wangu bila kibali. Sasa nataka iwe kwa kibali. Toa kwangu kilowati-saa mbili nukta tatu za kupasha nyumba, ghala lizigeuze kilokalori elfu mbili, zije kwake kila siku."

Sheria yetu inaruhusu hivyo. Jouli haina jina. Ikishageuka, hakuna chombo kinachoweza kusema kama ilitoka kwenye hita au kwenye mwili wa mwanamke anayenyonyesha. Mwezi mzima inaweza kupita mbele ya walinzi ikionekana ni ugonjwa wa Bi Mize.

"Mbona vipimo vya nyumba yako havionyeshi upungufu?" Makame akauliza. Naye ana shaka zake, ndiyo maana tunaelewana.

"Vipimo vya nyumba yangu nani anavisoma, Mkuu? Si mimi?"

Nilikuwa nimejitangaza mwizi wa namba mbele ya mkuu wangu, na kazi niliyoifanya kwa uaminifu tangu tufike hapa ilikuwa imeishia hapo.

"Bi Mwatime," akasema taratibu, "nikitoa hiyo, nyumba yako itashuka chini ya kiwango. Nyumba baridi haiamshiwi mtu. Salehe ataondoka kichwani mwa foleni, atarudi mkiani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na tundu likizibwa, akiba ya mtaa wenu itaanza kupanda. Ataamshwa anayefuata." Nikasikia akibonyeza vitufe. "Anayefuata ni Faki. Mtoto wa huyo huyo Bi Mize. Nithibitishe?"

Nikaziba kipimo kwa kiganja.

Sikuwahi kutazama jina la pili. Mtu ambaye mumewe ni wa kwanza hatazami wa pili. Nikageuka nikamtazama Bi Mize, na yeye alikuwa anatazama beseni.

"Ulijua?"

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji sakafuni.

"Bi Mize. Ulijua kwamba Salehe akiondoka anaingia Faki?"

"Nilijua," akasema.

"Mama!" Hidaya akashtuka. "Mimi sikujua. Wallahi, dada, mimi sikujua."

"Yeye hakujua," Bi Mize akasema. "Mimi nilijua. Mtoto sikumficha kwa ajili hiyo, Mungu shahidi. Lakini jina la pili nilikuwa nalijua, na nilipokuwa nakuamkia asubuhi nilikuwa nalijua. Sitakudanganya. Umekwisha danganywa vya kutosha."

Hasira ilinipanda. Nilijiona mjinga, nimevuliwa nguo katikati ya mtaa, wanawake kumi na mmoja wakinitazama kwa huruma. Neno moja tu lilitosha. Ningesema "hapana, Mkuu, nimekosea, kuna mtu humu," na kila kitu kingerudi kilivyokuwa, na Salehe angerudi nyumbani akiwa bado analijua jina langu. Na hakuna ambaye angenilaumu kwa sauti.

"Bi Mwatime?" kipimo kikasema chini ya kiganja changu. "Nithibitishe au nisithibitishe?"

Mtoto aliachia titi. Akapiga chafya ndogo, akatafuta tena kwa mdomo, hakuliona, akaanza kulia. Hidaya aliogopa hata kumnyamazisha. Sote watatu tulikuwa tunamwangalia, na sauti ilikuwa inazidi, na baada ya kidogo Makame angeisikia.

Nikaondoa kiganja.

"Thibitisha," nikasema, nikakata.

Bi Mize akaja kunipigia magoti. Nikamshika mkono kabla hajafika chini, nikamsimamisha kwa nguvu.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Ukinishukuru nitaichukia nyumba hii mpaka kufa kwangu. Vaa ushungi. Nenda Bwaloni ukakae kwenye kioo cha sanduku la Salehe, umweleze ulichofanya na nilichofanya. Yote, na lile jina la pili. Mimi sina uso wa kumwambia."

"Hasikii, mwanangu."

"Sikukuuliza kama anasikia."

Alinitazama, akaona sitanii. Akatundika kitambaa kwenye ukingo wa beseni, akafunga kanga yake vizuri, akatafuta ushungi, akatoka bila kusema kitu. Nilimsikia akienda kwenye ujia, anakokota magoti ambayo kweli yalikuwa yanamuuma.

Tukabaki mimi na Hidaya. Mtoto alikuwa amelipata titi, amenyamaza. Machozi yalikuwa yananitoka na niliyaacha yatoke.

Maji yalikuwa bado yana moto. Nikakunja mikono ya gauni, nikachovya kitambaa mpaka vidole vikaungua, nikakamua, nikambandika tumboni. Nilimkanda kwa uzito wangu wote, kwa nguvu kuliko shangazi yangu alivyonikanda mimi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, naye akauma kanga na hakuniambia basi.